Mgongo Kwanza: Nilivyotengeneza Daftari la Safari kwa Kitabu Kikuukuu

Daftari la safari haliharibiwi na maandishi, linaharibiwa na kufunguliwa. Unaliweka mapajani ndani ya matatu, unalikunja ili kalamu ifike pembeni, unabandika tiketi huku na risiti kule, linavimba tumbo, na mwishowe kurasa zinaanza kukutoka mkononi moja moja. Mimi lilinipata kwa daftari la kununua, lenye jalada la ngozi lililonivutia mno dukani. Kabla sijamaliza kukaa Mombasa nilikuwa nimelifunga kwa kamba ya kiatu. Nilipolikagua mgongo sikukuta hata uzi mmoja. Karatasi zilikuwa zimepangwa tu, zikapakwa gundi na kuvishwa ngozi. Shilingi 1,800 zilikwenda hivyo.

Iliniuma, kwa sababu yaliyokuwa yameandikwa mle sikuwa na nakala yake popote. Nikaazimia kujitengenezea lingine kutokana na kitabu kikuukuu, nikaanza kutazama video. Nyingi zinatumia muda mrefu kwenye urembo, yaani lasi, riboni na vibandiko, na kushona kunapita upesi upesi. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kushika mwenyewe, na kwa msaada wa mzee mmoja fundi ambaye bila yeye ningeacha njiani.

Tuanze na kitabu chenyewe. Nairobi haina uhaba. Ukipita Tom Mboya au Moi Avenue utakuta yale maduka ya inama, vitabu vimetandazwa chini na mwenye kutaka anainama kuchagua. Vitabu vya 8-4-4 vimejaa. Mfumo ule wa elimu ulianza 1985, mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ukafanywa 2023, na tangu hapo vitabu vyake vya darasa la nane havina mzazi wa kuvitafuta. Bei yake ni ya kuchekesha, lakini karibu vyote vina jalada laini, na jalada laini halifai kwa kazi hii. Unataka jalada gumu lililovikwa kitambaa.

Ukikipata chenye jalada gumu, kifungue katikati kisha uchungulie mgongo kwa juu. Kama kati ya jalada na karatasi panafunguka tundu unaloweza kuonea upande wa pili, hicho ndicho. Maana yake jalada halikugandishwa moja kwa moja kwenye karatasi, kwa hiyo litatoka zima. Kama hapafunguki tundu, jalada litakuja na nyama yake. Halafu bonyeza zile bawaba mbili, pale jalada linapokunjika. Kitambaa kikiwa kimekatika au kinatoa unga, kirudishe chini, hata kama picha ya jalada inakuita.

Na kuna vitabu ambavyo sitaki hata kusikia vimechinjwa. Biblia au msahafu ulioandikwa tarehe za kuzaliwa za watoto wa nyumba fulani. Vitabu vya Kiswahili vya zamani ambavyo havichapishwi tena. Historia za mahali. Chochote chenye muhuri wa shule au maktaba ambao haukufutwa, kwa sababu huenda kiliondoka rafuni bila ruhusa na kuna mtu bado anakitafuta. Niliwahi kushika kitabu kizuri cha kitambaa chekundu, nikakuta ukurasani barua fupi ya baba kwa binti yake aliyekuwa akienda bwenini. Nilikinunua, kipo nyumbani, hakiguswi na kisu.

Nilichochagua mwishowe ni kitabu cha uhasibu cha kitambaa cha kijani, kimejaa viwango vya kodi vilivyokwisha kubadilishwa mara nyingi.

"Hiki cha kazi gani, dada?" muuzaji akaniuliza. "Hata mwanafunzi wa chuo hakitaki."

Nikamwambia nataka jalada. Akafikiri kidogo, kisha akavuta atlasi iliyochanika kutoka chini ya rundo. "Basi chukua na hii, karatasi zake nzuri. Cha kijani mia na hamsini, hii hamsini."

Atlasi ile ilikuwa bado na Zaire, na Kenya ilikuwa ya mikoa minane kabla ya kaunti 47. Tutairudia.

Kutoa karatasi ni kazi ya dakika chache ila inatia hofu. Fungua jalada la mbele mpaka lilale mezani, utaona mfereji pale karatasi ya kwanza inapoungana na jalada. Pitisha wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi kwenye mfereji huo, taratibu, mara kadhaa, bila kukandamiza. Unakata karatasi na ile shashi iliyo chini yake, hukati kitambaa. Fanya hivyo nyuma pia, karatasi zote zitatoka kwa pamoja, na utabaki na jalada tupu lililolala wazi. Mkono wangu ulitetemeka mwanzoni, nakiri, maana tangu utoto tulionywa tusikunje hata sikio la ukurasa. Nilitulia nilipoona lile jalada lilivyotoka safi. Ndani ya mgongo mna ukanda wa karatasi ngumu. Ukiwa umelegea, ubandue ubandike mwingine mpya wa upana uleule.

Sasa pima, uandike vipimo kwenye karatasi usivitegemee kichwani. Jalada langu lilikuwa na urefu wa sentimita 21.6, upana 14.5, na mgongo wa sentimita 2.2. Kurasa zinatakiwa ziwe fupi kuliko jalada kwa milimita tatu juu, tatu chini, na tatu mbele. Kwa hiyo ukurasa wa urefu wa A5, sentimita 21, ulinifaa barabara, upana tu ndio ungepunguzwa kidogo.

Hapa ndipo nilipokwenda kwa mzee. Katikati ya mji zipo karakana ndogo zinazojalidi tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu, jalada jeusi na herufi za dhahabu. Mzee huyu amekuwa katika kazi hiyo tangu enzi za taipureta. Nilikuwa nimebeba rimu ya A4 ya kawaida nikidhani nitaikunja katikati nianze kushona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi utaikunja namna gani?"

Nikamwonyesha. Akaichukua moja, akaipinda bila kuiminya, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. "Sikia inavyokataa upande huu. Karatasi ina nyuzi, kama ubao. Ukikunja kukata nyuzi, kitabu hakitalala wazi hata ukikalie."

Maelezo yake yaliniokolea kazi yote. Karatasi ya kiwandani ina uelekeo. Nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, na mkunjo wa kitabu lazima ufuate upande huo, sambamba na mgongo. Karatasi za A4 kwa kawaida zina nyuzi za urefu, kwa hiyo ukizikunja kuwa A5 umekwenda kinyume. Zitasimama zenyewe, na zikipata unyevu wa gundi zitafanya mawimbi karibu na mgongo. Dawa ni kununua shiti kubwa na kuikata mwenyewe. Shiti ya A1 ya karatasi ya katriji, ile ya kuchorea, inatoa A4 nane. Kama nyuzi zake zimelala kwa urefu wa shiti, ukizikata hivyo na kuzikunja, mkunjo unafuata nyuzi. Usiamini maneno ya dukani, pinda uhisi. Ukiwa bado na shaka, lowesha kipande kidogo kilichokatwa pembeni. Kitajikunja, na mstari wa mkunjo ndio uelekeo.

Nilinunua shiti tano. Hizo ni A4 arobaini, nikazipanga nne nne, nikapata mafungu kumi. Kila fungu lina karatasi nne zilizokunjwa pamoja, kurasa 16, kwa hiyo daftari zima ni kurasa 160. Mkunjo uminye kwa mgongo wa kijiko mpaka ukae. Kwa kalamu ya wino, katriji ni nzuri kuliko karatasi ya fotokopi kwa sababu maandishi hayatokezi upande wa pili, na inavumilia hata rangi za maji kidogo.

Mzee alinifundisha jambo jingine ambalo sikuliona katika video hata moja, na kwa daftari la safari ndilo kubwa kuliko yote. Daftari unalobandika vitu huvimba upande wa mbele kwa sababu mgongo haukuachiwa unene wa kupokea vitu hivyo. Basi unene unaongezwa mapema, mgongoni tu. Unakata kanda za manila, ile karatasi ngumu, zenye upana wa sentimita nne, unazikunja katikati, na kila fungu unalivisha ukanda wake kwa nje kabla ya kushona. Ukimaliza, mgongo una unene wa karatasi na manila, ukingo wa mbele una unene wa karatasi peke yake. Ile nafasi inayobaki mbele ndiyo ya tiketi. Kanda hizo pia zinazuia uzi usichane mikunjo. Daftari langu likiwa tupu lilionekana limebonyea upande wa mbele, na watu wawili wakaniambia limekosewa. Halikukosewa.

Sasa kupunguza upana. Hili nililipeleka karakana nyingine yenye mashine kubwa ya kukatia, kwa kuwa ya mzee ilikuwa imeharibika siku hiyo. Nilieleza milimita sita. Nilipotoka kununua chai na kurudi, mafungu yalikuwa yamekatwa zaidi ya sentimita moja, na wakaniambia ndivyo mashine inavyokata. Shilingi mia moja nililipa vilevile. Kwa hiyo daftari langu lina jalada linalochomoza mbele kupita kiasi, na pembe zake zimeumia kwa sababu hiyo. Ukipeleka kazi kwenye mashine, chora mstari wa penseli kwenye karatasi ya juu, simama hapohapo, na usiondoke kabla kisu hakijashuka. Au kata nyumbani, fungu moja moja, kwa rula ya chuma na kisu kikali. Inachosha lakini hutabishana na mtu.

Kushona kunahitaji vitu vichache: msharasi wa kutobolea, sindano yenye ncha butu, uzi, nta ya nyuki, na utepe wa pamba wa upana wa sentimita moja, ule wanaotumia mafundi cherehani. Uzi ndio ulionisumbua. Fundi viatu aliniuzia uzi wake wa nailoni, mgumu, usiokatika. Tatizo ni kwamba haukatiki wenyewe, unakata karatasi. Fungu la kwanza lilichanika kutoka tundu hadi tundu nilipokaza. Nikabadilisha, nikachukua uzi wa pamba mnene wa kufumia, nikaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu. Nta ya mshumaa haifai, inamong'onyoka. Aliye na jamaa anayerina asali ana bahati, nta haitampa taabu.

Mashimo yawe sita kwa kila fungu. Kata kipande cha manila chenye urefu wa ukurasa, kikunje, utie alama: moja karibu na juu, moja karibu na chini, na jozi mbili katikati, kila jozi ikiwa pande mbili za utepe. Kiweke ndani ya mkunjo wa kila fungu na utoboe kutoka ndani kwenda nje. Mimi nilifungua kitabu cha simu cha zamani katikati, nikalaza fungu kwenye bonde lake, msharasi ukashuka bila kuteleza. Mashimo ya mafungu yote yakilingana, kazi imekwisha nusu.

Urefu wa uzi unapatikana hivi: zidisha urefu wa ukurasa kwa idadi ya mafungu, uongeze urefu wa ukurasa mmoja. Kwangu ilikuwa zaidi ya mita mbili, na uzi mrefu hivyo unajifunga mafundo, kwa hiyo niliugawa na kuunga ndani ya mkunjo. Unaingia kwa tundu la mwisho la fungu la kwanza, unatembea ndani na nje, ukifika kwenye utepe unapita juu yake na kurudi ndani. Ukitoka upande wa pili unaweka fungu la pili juu, unarudi kwa njia ileile, kisha unafunga na ncha uliyoiacha mwanzoni. Kuanzia fungu la tatu, kila ukifika mwisho, pitisha sindano chini ya mshono unaounganisha mafungu mawili yaliyotangulia, uvute, ndipo upande juu. Fundo hilo dogo la pembeni ndilo linaloshikilia mafungu yasitengane.

Vuta uzi sambamba na mgongo, kufuata mkunjo. Ukiuvuta kuelekea kwako unachana. Na usikaze mpaka mkunjo uingie ndani. Uzi ukae bila kulegea, basi. Nilishona jioni baada ya kazi, redio ikiwa chini, na sijui kazi nyingine ya mikono iliyowahi kunituliza namna ile. Fungu la mwisho lilipokaa nilibeba daftari kwa ukurasa mmoja tu, nikalitikisa. Halikuachia.

Gundi sasa. Gundi nyeupe ya karatasi ndiyo ya mgongo, kwa sababu ikikauka inabaki laini. Ile ya mbao nimeiona ikikauka ngumu na kupasuka mgongo ukifunguliwa. Minya mafungu kati ya mbao mbili, paka mgongo tabaka jembamba, uingize gundi kati ya mafungu kwa kidole, kisha laza kipande cha shashi ya duka la dawa chenye kuzidi mgongo kwa sentimita tatu kila upande. Juu ya shashi bandika ukanda wa karatasi. Acha ikauke. Ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi na manyunyu yasiyokwisha, na gundi ambayo chupa iliandikwa itakauka kwa saa chache ilihitaji hadi kesho yake. Usiikimbize kwa jiko.

Kuunganisha na jalada ni hivi. Weka mafungu ndani ya jalada, mgongo ukae mahali pake bila kupakwa gundi, kwa maana lile tundu tulilolichungulia dukani lazima libaki. Ingiza karatasi ya nailoni chini ya ukurasa wa kwanza kuzuia unyevu usipenye. Paka gundi ukurasa huo pamoja na shashi na ncha za utepe, ukianzia katikati kwenda kingoni, kisha funga jalada juu yake bila kulisogeza. Geuza, fanya upande wa pili. Usifungue kuchungulia! Weka juu yake ubao na matofali yaliyofungwa gazeti, ulale. Asubuhi nilikuta karatasi imelala bila kiputo.

Ramani za atlasi zilifanya kazi mbili: kurasa za ndani ya jalada, na mfuko wa tiketi upande wa nyuma. Mfuko niliubandika kwa gundi ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, unakoroga motoni mpaka ing'ae. Niliipendea kwamba inakauka polepole na unaweza kusogeza kitu ukikosea. Ukanda wa kufungia niliupata Kariokor, kwenye mabanda ya viatu vya ngozi. Mama mmoja alinifungulia gunia la vipande vilivyobaki. "Chagua mwenyewe, mpenzi, mia moja nitakukatia na kingine kirefu," akasema, na kweli akanikatia ukanda wa urefu wa mkono kwa pigo moja la kisu.

Daftari lilipanda treni ya Madaraka Express kutoka Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, hadi Miritini, Mombasa, halafu basi hadi Mokowe na mashua hadi Lamu. Nilitaka hasa kufika Siyu, kisiwani Pate, mji uliojulikana kwa walionakili Kurani kwa mkono na kwa mafundi wake wa ngozi. Baada ya kushona kurasa 160 tu nilikuwa na heshima mpya kwa watu wale. Niliandika nikiwa garini, nikiwa barazani, nikiwa nimelikunja nusu kwa mkono mmoja. Nilibandika tiketi, kipande cha leso, majani ya mwarobaini, risiti za hoteli. Mgongo haukutikisika, na daftari sasa limejaa mpaka ukingo wa mbele umelingana na mgongo, kama mzee alivyosema.

Kilichonisaliti ni mfuko wa gundi ya ngano. Joto na unyevu wa pwani viliuotesha ukungu wa kijivu pembeni, na mende wakaonja kona moja. Niliubandua kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa gundi hiyo inaachia ikilowa, nikaubandika upya kwa gundi nyeupe. Kwa Nairobi ngano inatosha. Ukielekea Mombasa, Malindi au Lamu, acha ngano jikoni. Na kila usiku lilaze daftari likiwa wazi kidogo, mbali na dirisha la baharini, hasa kama ulibandika kitu kibichi.

Gharama zote, kitabu na atlasi, shiti tano, gundi, shashi, utepe, uzi na nta, msharasi, ngozi, na ile mia ya mashine, hazikuzidi shilingi 1,300 kwa kiasi kikubwa, na msharasi na gundi bado ninavyo. Sasa nakata karatasi za daftari la mdogo wangu anayekwenda Kisumu kwa treni. Ameomba mifuko miwili na kurasa chache za rangi za maji, kwa hiyo mafungu yake yatakuwa ya karatasi tatu tatu badala ya nne, na kanda za manila zitakuwa nene zaidi. Upana nitakata mwenyewe.